Risiti Kwenye Sanduku la Viatu

Mwezi mmoja wa mwaka jana niliamua kutotupa risiti hata moja. Sikuwa na lengo kubwa. Nilikuwa nimechoka tu kujiuliza kila ikifika tarehe 20 pesa imekwenda wapi, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Subira ya daftari sina, kwa hiyo nilichukua sanduku tupu la viatu nikaliweka juu ya friji, na kila nikiingia ndani namwaga humo vikaratasi vya mfukoni. Nilicholipa kwa simu nilikiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, nacho nakitupia mle mle.

Mwisho wa mwezi nikaketi sakafuni nikazipanga. Kwanza nilizipanga kama kila mtu anavyozipanga: nguo huku, dawa huku, matengenezo huku. Sikujifunza lolote. Nikazivuruga, nikaanza upya kwa swali jingine: pesa hii nilimpa nani, na yeye anakwenda kuitumia wapi? Yakatoka mafungu mawili. La kwanza ni la wenye biashara ambao naweza kukutana nao njiani, wanaopanga foleni zahanati ninayopanga mimi na kupita kwenye mashimo ya barabara ninayopita mimi. La pili ni la kampuni ambazo mwenyewe simjui, na hata waliokuwa wakinihudumia hawajawahi kumwona.

Fungu la pili lilikuwa kubwa mno. Kweli, wachuuzi wengi wadogo hawatoi risiti, kwa hiyo hesabu yangu iliwapunja. Lakini hata ningewafidia, fungu la pili lingeshinda, tena kwa mbali. Nami ni yule yule ninayekaa barazani na kulalamika kwamba mtaa umepooza na vijana hawana kazi.

Hoja inayotajwa sana katika jambo hili ni ya mzunguko wa pesa, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme katika kila 100 inayoingia mtaani, 60 inatumika tena hapo hapo na 40 inatoka. Ile 60 ikizunguka inaacha 36, ile 36 inaacha 21 na ushei, hivyo hivyo mpaka iishe. Ukijumlisha yote, 100 ya kwanza imefanya kazi ya 250. Sasa chukua mtaa ambao katika kila 100 inabaki 20 tu. Hapo 100 imefanya kazi ya 125, basi. Watu ni wale wale na noti ni ile ile, ila huku noti imepita mikono mingi kabla ya kuondoka na kule imepita kama msafiri wa basi anayeteremka kunyoosha miguu.

Mfano unaonukuliwa kila mara ni wa Austin, Texas, mwaka 2002. Kampuni ya Borders, iliyokuwa na maduka ya vitabu nchi nzima ya Marekani, ilitaka kufungua tawi kwenye njia panda ambako tayari palikuwa na duka la vitabu la wenyeji, BookPeople, na duka la muziki la Waterloo Records. Watafiti wa Civic Economics wakafungua vitabu vya hesabu. Wakakuta kwamba dola 100 zikitumika kwenye maduka ya wenyeji, zinaleta dola 45 kwenye uchumi wa mji. Zikitumika Borders, zinaleta 13.

Tofauti ile inatoka wapi? Mauzo hayakuhusika sana. Imo kwenye kazi za nyuma ya duka, zile ambazo mteja hazioni. Duka la mwenyeji lina mhasibu wake pale mjini, lina mtu wa kupaka rangi, wa kuchapa matangazo, wa kuandika mikataba, na faida analala nayo mwenyewe mji ule ule. Kampuni yenye matawi mamia haihitaji mhasibu kila tawi. Wahasibu wake, wanasheria wake na watangazaji wake wapo makao makuu, na makao makuu ya Borders yalikuwa Ann Arbor, Michigan, mwendo wa siku mbili kwa gari. Kwa hiyo kinachohama ni zaidi ya pesa. Zinahama kazi nzuri, zile za kalamu, mtaa unaachiwa za kusimama kaunta.

Borders walighairi, tawi lile halikujengwa. Mwaka 2011 kampuni nzima ikafilisika na kufunga maduka yake yote. BookPeople bado inauza vitabu. Na kuna jambo ambalo wasimuliaji wa kisa hiki hulisahau: Borders yenyewe ilianza mwaka 1971 kama duka dogo la vitabu vilivyokwisha kutumika, la ndugu wawili pale pale Ann Arbor. Ilikuwa biashara ya mtaani ya watu fulani. Kila jitu ninaloliona leo lilikuwa la mtaani mahali fulani, na hilo linanizuia kuwafanya wakubwa mashetani.

Pia hesabu ya 45 kwa 13 ina la kutuambia ikisomwa kwa upande wa pili. Hata kwa duka la mwenyeji, zaidi ya nusu zilitoka. Vitabu vilichapwa kwingine, lori lilikuwa la kwingine, umeme hivyo hivyo. Anayeuza jirani yako si lazima awe anauza cha jirani yako, na ukimpelekea pesa kwa bidhaa iliyotoka ng'ambo ya bahari, nyingi inampitia tu kama maji ya mfereji. Ndiyo maana katika mafungu yangu nilianza kuangalia zaidi vitu vyenye jasho ndani yake: kushona, kutengeneza, kuchomelea, kunyoa, kufundisha. Huko karibu pesa yote ni ya mikono iliyofanya kazi mbele yangu. Nikibadilisha tu mahali pa kununulia sabuni ile ile ya kiwandani, nimefanya jambo jema lakini dogo.

Wapo waliojaribu kuifunga pesa kabisa isitoke. Julai 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, meya wa Wörgl, mji mdogo wa Austria, alichapisha noti za mji wake. Jina lake Michael Unterguggenberger. Noti zile zilipungua thamani kwa asilimia 1 kila mwezi usipozitumia, ikabidi ununue stempu ubandike ndipo zipokelewe kwa thamani kamili. Hakuna aliyetaka kukaa nazo. Zikakimbizana mjini, wafanyakazi wakalipwa, barabara zikatengenezwa, hata watu wakawa wanalipa kodi walizokuwa wakidaiwa. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Austria ikapiga marufuku. Bristol, Uingereza, nao walikuwa na pauni yao kuanzia 2012, na meya wao George Ferguson alichukua mshahara wake wote kwa pauni hizo. Baada ya miaka minane tisa ikafifia. Naipenda mikasa hii, lakini sidhani ndiyo njia. Watu hawapendi pesa yenye mipaka, hata mimi siipendi.

Mpaka hapa nimesema ambayo msomaji pengine alishayasikia. Lililonibadilisha mimi lilikuwa joto la Chicago.

Julai 1995 joto kali liliukumba mji wa Chicago. Tarehe 13 lilifika nyuzi 41 za selsiasi, na kwa unyevu uliokuwepo mwili uliona zaidi ya 50. Umeme ulikatika sehemu nyingi. Mahesabu yalipokamilika, waliokufa zaidi ya kawaida ya wiki kama ile walikuwa 739. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, waliokutwa ndani madirisha yamefungwa.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg alirudi baadaye kutazama ramani ya vifo. Akakuta mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Jua lile lile, umaskini unaokaribiana, wazee wanaoishi peke yao kwa kiwango kinachokaribiana. North Lawndale walikufa kwa kiwango cha watu 40 katika kila 100,000. South Lawndale hawakufika 4. Mara kumi, na kati yao ni kuvuka barabara.

Alipotembea ndiyo akaona. South Lawndale barabara ya 26 ilikuwa imejaa maduka, mabanda, wauzaji wa kando ya njia, watu wanapishana kwa mabega. Mzee wa pale, hata kama watoto wake wamehama na majirani wanazungumza lugha asiyoijua, alikuwa na sababu ya kutoka nje: kuna dirisha la kutazama, kuna mkate wa kununua, kuna mlango ulio wazi wenye ubaridi ndani. Akiwa ameshazoea kutoka siku za kawaida, siku ya joto miguu ilimpeleka yenyewe. North Lawndale viwanda vilikuwa vimefungwa na waajiri wamehama, wakazi zaidi ya nusu wakaondoka ndani ya miaka 30, na maduka yakawafuata. Vilibaki viwanja vyenye majani na barabara ambazo mzee hawezi kuzipita bila hofu. Hakukuwa na pa kwenda, kwa hiyo hawakutoka. Na wasipotoka, nani atajua leo hawajatoka?

Mwenzake Mitchell Duneier alimbishia, kwamba huwezi kujua mtu mmoja alikufaje kwa kutazama mtaa alioishi. Ni hoja nzito na siitupi. Lakini swali lile la mwisho limenikaa kichwani kuliko jedwali lolote la uchumi. Mtu ambaye kila asubuhi hununua kitu kimoja kidogo, siku asipofika, kuna anayeinua kichwa na kusema, mbona yule leo hajapita? Hiyo haipo kwenye risiti. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kampuni ya mbali, hata iwe na moyo mwema kiasi gani, haiwezi kugundua kwamba sijafungua dirisha tangu juzi. Itagundua kwamba sijanunua, nayo itanitumia ujumbe wa punguzo la bei.

Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, aliyaandika haya mwaka 1961 kutoka barabara ya Hudson, New York, alikokuwa akiishi. Alieleza jinsi watu wa pale walivyokuwa wakiacha funguo za nyumba zao kwa mwenye duka, rafiki akija azichukue. Ukilitafakari ni jambo la ajabu. Humwachii ndugu, maana ndugu atauliza mgeni ni nani. Humwachii mtu usiyemjua. Unamwachia mtu wa katikati, anayekufahamu vya kutosha kukutunzia ufunguo na ambaye hajakujua kiasi cha kukuhoji. Watu wa katikati namna hii hawaajiriwi na serikali. Wanatokea tu pale penye milango ya biashara, wakipatiwa riziki ya kuwabakisha.

Sasa nigeuze shilingi, maana nisipoigeuza nitakuwa nauza tu.

North Lawndale ile ile ndiko yalikokuwa makao makuu ya Sears, kampuni iliyouza kwa katalogi, yaani kitabu cha bidhaa na bei zake. Walihamia pale mnamo 1906 na majengo yao yalikuwa mji ndani ya mji. Kutoka pale walituma mzigo kila kona ya Marekani, hasa baada ya posta, iliyokuwa ikifikisha barua bure vijijini tangu 1896, kuanza kufikisha na vifurushi mwaka 1913. Wenye maduka wa miji midogo walilia wanauawa. Kuna miji ambako katalogi zilichomwa moto hadharani, na hoja zilizotolewa siku zile ungezisikia leo ungedhani zimeandikwa asubuhi hii: pesa yetu inaondoka, watoto wetu hawatakuwa na kazi. Mwishowe Sears nayo ikahama. Miaka ya sabini ikapanda ghorofa refu kuliko yote duniani wakati huo, katikati ya jiji, ikauacha mtaa uliokuwa umeilea.

Kwa hiyo wachoma katalogi walikuwa sahihi? Hapo ndipo pagumu. Mwanahistoria Louis Hyman ameeleza katalogi ile ilimaanisha nini kwa Wamarekani weusi wa kusini zama za ubaguzi. Duka la karibu lilikuwa la mzungu, na mara nyingi lilikuwa hilo hilo moja. Mwenye duka alimjua kila mteja, alijua anadaiwa kiasi gani, ndiye aliyeamua akopeshwe au anyimwe, na wazungu wote walihudumiwa kwanza hata kama wewe umefika alfajiri. Katalogi haikuuliza rangi. Uliandika barua, mzigo ukaja, kwa bei ile ile ya kila mtu. Kwa mtu yule, kununua mbali ndiyo ilikuwa heshima.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kwa sababu linauma mahali penyewe. Kujuana, ambako hapo juu nimekusifu kwamba kunaokoa mzee kwenye joto, ndiko huko huko kulikomkaba mkulima mweusi wa Mississippi. Tofauti ninayoiona mimi ni mlango wa pili. Penye maduka kumi ya watu kumi, mwenye duka anayekujua anakuhitaji. Penye moja tu, anakumiliki. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia tununue kwa wenyeji, namuuliza kwanza wenyeji wangapi. Mfanyabiashara mmoja wa nyumbani aliyeshika soko zima hanifurahishi zaidi ya kampuni ya ng'ambo. Pengine hunifurahisha kidogo zaidi, kwa kuwa anaweza kuzomewa msikitini au kanisani.

Na kuna la mishahara, ambalo wapenzi wa biashara ndogo hulipita wameziba masikio. Kwa kawaida kampuni kubwa hulipa wafanyakazi vizuri kuliko ndogo. Wachumi wamelipima hilo katika nchi nyingi na jibu hurudi lile lile. Duka la karibu mara nyingi linasimama kwa migongo ya mke, mpwa na mtoto wa shule wasiolipwa kitu. Wala bei si hadithi. Mwenye familia ya watoto watano akienda penye nafuu, hana haja ya kuhubiriwa na mtu mwenye friji ya kuwekea sanduku juu.

Basi nilifanya nini? Machache. Kazi za mikono zote nilizirudisha karibu. Dawa na vitabu vilevile, kwa sababu pale nanunua na ushauri. Umeme, simu na vitu vya kiwandani vilibaki vilipo. Lakini badiliko kubwa lilikuwa la namna ya kulipa. Nilikuwa na tabia, nakiri, ya kumlipa fundi kwa awamu zisizo na tarehe, huku kampuni kubwa nikiilipa siku ile ile kwa kuwa mashine haikubali maneno. Biashara ndogo nyingi hazifi kwa kukosa faida. Zinakufa kwa kukosa pesa ya leo. Faida ipo kwenye daftari, pesa ipo mifukoni mwa watu kama mimi wanaosema nitakuona Ijumaa. Mteja anayelipa papo kwa papo bila kuongeza hata senti amemsaidia fundi kuliko mteja anayemsifu mtaa mzima na kumdai subira.

Limebaki lile sanduku. Lina kisa, na nilikuwa nakikwepa.

Kabla ya mwezi ule wa risiti niliingia duka la viatu. Mwenyewe ni mzee wa makamo, akaniketisha, akanivua soksi, akanipima mguu wa kushoto kisha wa kulia, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: mguu wangu wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto, ndiyo maana viatu vyangu vyote hupasukia upande ule. Akashusha masanduku sita. Akanitembeza huku na huko, akabonyeza vidole. Nusu saa nzima. Nikapata jozi iliyonikaa kama imeshonwa kwa ajili yangu. Nikaisoma namba iliyoandikwa ndani ya ulimi wa kiatu, nikaikariri, nikamwambia, "Nitarudi, mzee."

Nilipokata kona nikatoa simu. Bei ilikuwa nafuu kidogo, na mzigo ulifika siku ya nne, ndani ya sanduku lile lile ambalo baadaye nililiweka juu ya friji.

Viatu vile vilichakaa mwezi uliopita. Nilipita mbele ya duka lake mara mbili bila kuingia, mara ya tatu nikaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu." Akanitazama usoni, kisha miguuni. "Arobaini na mbili. Wa kulia mpana."

Nikasema ndiyo.

"Ulisema utarudi," akajibu, na tayari alikuwa amenipa mgongo, anavuta ngazi kuelekea rafu ya juu.